Gome la mweria na uzee wa wanaume

Wazee wetu wa Meru na Embu wanapouziwa vidonge vya kuzitia seli za mwili nguvu na kuuchelewesha uzee, aghalabu hudhani kuwa tiba hiyo ni zao la ujuzi wa ng'ambo usiotuhusu. Yamkini vingi viko hivyo. Lakini kimojawapo, kile wapewacho wanaume waliokwisha kupita makamo, hutokana na gome la mti unaomea papa hapa katika misitu ya Mlima Kenya.

Wameru huuita mweria, na majirani zao Wakikuyu muiri. Wataalamu huuita Prunus africana. Ni mti uwezao kufikia urefu wa mita 40, na jani lake likipondwa hutoa harufu ya lozi. Wahenga walilichemsha gome lake kutibu tumbo na homa. Katika miaka ya 1960 Wafaransa waliligeuza kuwa dawa ya tezi dume, ile tezi iuzingirayo mrija wa mkojo chini ya kibofu, ambayo hukua kadiri umri unavyosonga hata mzee akawa haupati usingizi kwa kuamka kila mara. Kenya ikawa miongoni mwa nchi zilizoliuza gome hilo Ulaya.

Je, dawa yenyewe yafaa? Mnamo 2002 watafiti waliyakusanya pamoja majaribio 18 yaliyowahusisha wanaume 1,562. Waliotumia dawa hiyo walipunguziwa adha ya kuamka usiku kwa asilimia 19, na mkojo wao ukatoka kwa kasi zaidi. Si haba. Hata hivyo, majaribio mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi, wala hayakuthibitisha kwamba gome huzuia saratani. Hapa naomba walimu wa sayansi waniunge mkono: dalili za kukua kwa tezi na za saratani hufanana, na mzee anayenywa supu ya magome kwa kuona haya kumkabili daktari anacheza na roho yake.

Mti nao una msiba wake. Chakula kitokacho majanini huteremka mizizini kupitia tabaka la ndani la gome. Mti ukibanduliwa gome pande zote, hufa ungali umesimama. Ukibanduliwa pande mbili tu zinazoelekeana, hupona. Wachumaji wenye haraka hawakujali, na tangu 1995 biashara yake inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES.

Kuupanda si kazi ngumu, ila mbegu zake hazistahimili kuwekwa. Sharti zipandwe zikiwa mbichi. Baadaye husubiriwa zaidi ya miaka kumi. Shule zetu zimejaza mikalitusi kwenye nyua zake, na nina shaka iwapo wanafunzi wangeutambua mweria hata kama wangepewa jani lake walinuse.