Mama Abadilishapo Daktari, Dawa Isikatike

Akina mama wa Afrika ya Mashariki waliohamia Marekani hukuta huko mambo mengi mageni, na mojawapo lahusu uzazi wa majira. Katika Tanzania na Uganda, vidonge vya kuzuia mimba hutolewa bure katika zahanati za serikali. Shida ya mama huwa ni umbali wa njia, au dawa kuwa zimekwisha. Kule dawa zimejaa madukani, lakini kati ya mama na dawa wamesimama watatu: daktari anayeandika cheti, kampuni ya bima inayolipa, na mwenye duka la dawa. Mmoja wao akibadilika, mama aweza kujikuta mikono mitupu.

Na tumtazame mama aliyetoka kazi moja na kuingia nyingine. Wamarekani wengi hupata bima ya afya kwa mwajiri. Kwa hiyo kazi ikibadilika, bima nayo hubadilika, na bima mpya huenda isikubaliane na daktari wa zamani. Mama hutafuta daktari mwingine, akaambiwa angoje wiki kadhaa. Lakini kidonge chataka kumezwa kila siku, wala hakingojei zamu ya mtu. Hapo ndipo iingiapo mimba isiyotarajiwa, na kosa si la mama.

Sheria za nchi hiyo zimesaidia, ingawa polepole. Kidonge kiliruhusiwa kuzuia mimba mwaka 1960. Mwaka 1965 Mahakama ya Juu iliamua kuwa wenye ndoa wasizuiwe kutumia njia hizo, na wasio na ndoa wakapata haki hiyo mwaka 1972. Sheria ya afya ya mwaka 2010 ndiyo iliyozilazimisha bima nyingi, kuanzia mwaka 2012, kulipia uzazi wa majira pasipo mama kutoa kitu. Hata hivyo, bima hailazimiki kulipia kila kidonge kilichoko sokoni. Huweza kuchagua kimoja cha bei nafuu na kukikataa kingine. Aidha, mwaka 2014 Mahakama iliwaruhusu baadhi ya waajiri wenye pingamizi la dini wasitoe malipo hayo.

Basi mama afanye nini? Kwanza, aende kwa daktari mpya akiwa na pakiti ya dawa ya zamani, maana juu yake pameandikwa jina na kipimo. Vidonge vingi vyenye majina tofauti vina dawa ile ile ndani. Mabadiliko ya jina peke yake yasimtie hofu. Ikiwa ile ya zamani ndiyo pekee inayomfaa, daktari aweza kuiandikia bima kwamba mgonjwa wake anaihitaji.

Pili, amweleze daktari mambo yake yote pasipo kuficha. Vidonge vyenye estrojeni huweza kugandisha damu mishipani. Havimfai mwenye shinikizo kubwa la damu, wala mvuta sigara aliyetimiza miaka 35, wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Kwa sababu hiyo, kupimwa shinikizo la damu ni jambo la lazima.

Tatu, pasiwe na pengo. Anayehama kidonge kimoja kwenda kingine aanze kipya siku ya pili baada ya kumaliza vidonge vyenye dawa katika pakiti ya zamani. Hana haja ya kungoja hedhi. Ikiwa amekosa vidonge vya estrojeni kwa siku mbili au zaidi, mume na atumie mpira mpaka mama ameze vipya siku 7 mfululizo.

Dawa zikikaribia kwisha kabla ya kumwona daktari mpya, aulize dukani kama cheti cha zamani bado kina nafasi ya kuchukulia dawa. Katika baadhi ya majimbo, kama Oregon na California, mwenye duka la dawa aliyefunzwa aweza kuandika cheti yeye mwenyewe. Tena tangu mwaka 2024 kinauzwa kidonge kiitwacho Opill, kisichohitaji cheti wala kuwa na estrojeni. Lakini hicho chataka saa ile ile kila siku; kikichelewa zaidi ya saa tatu, mpira utumike kwa siku mbili.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mama asitupe pakiti ya zamani kwa kuahidiwa mpya. Kwanza mpya iwe mkononi. Nasi tuliobaki huku tunaihitaji hekima hiyo. Mama anayehama wilaya kumfuata mumewe, au anayerudi kijijini kuuguza mzazi, asisahau kadi yake ya kliniki, wala asiondoke kabla ya kuomba dawa za kumtosha safari.