Mlima Elgon: Hekalu lisilo na kuta wala paa

Wahenga hawakukosea waliposema "tembea uone". Huko Japani, majani ya miti yanapogeuka mekundu na manjano kabla ya baridi kali, watu hufunga vyakula vyao na kupanda Mlima Koya. Huko kuna mahekalu ambayo chanzo chake ni mtawa Kukai, aliyeruhusiwa kujenga juu ya mlima huo mwaka 816. Hupanda asubuhi, husali, hutazama miti, na jioni huwa wamekwisha kurudi makwao.

Mkazi wa Kitale au Bungoma hana haja ya kupanda ndege ili apate siku ya namna hiyo. Akifungua mlango wake alfajiri, hasa kuanzia Novemba mvua zinapopungua na mahindi ya Trans Nzoia yanapovunwa, anauona Mlima Elgon umejinyoosha kama mzee aliyelala ubavu. Wabukusu huuita Masaba. Ni volkano iliyozimika zamani sana, na kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda.

Wengi wetu tunauangalia mlima huu kila siku na tunajua tu kwamba ndiko mvua zinakotoka. Tunasahau kwamba vizazi vilivyotutangulia viliuheshimu kama nyumba ya ibada.

Sayoni ya Masinde

Mtu aliyelifanya jambo hili lijulikane kote nchini ni Elijah Masinde, mzaliwa wa Kimilili. Katika ujana wake alikuwa mchezaji hodari wa kandanda, hata akaichezea Kenya katika Kombe la Gossage mwaka 1930. Baadaye aliacha kanisa la wamishonari na katika miaka ya 1940 akaanzisha Dini ya Msambwa, akiwataka watu wamrudie Wele, Mungu wa mababu, na kuwakataa wakoloni. Kwa wafuasi wake, Mlima Elgon ndio uliokuwa Sayoni.

Serikali ya kikoloni haikulichukulia jambo hili kuwa mzaha. Mwaka 1945 Masinde alikamatwa na kupelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alipotoka, mwaka 1947, aliwaongoza wafuasi wake hadi kilima cha Chetambe, juu ya mji wa Webuye, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa hapo mwaka 1895 walipopigana na majeshi ya Waingereza. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi na kuwaua watu 11. Dini hiyo ikapigwa marufuku, na Masinde akahamishwa mbali, Lamu ikiwa miongoni mwa sehemu alizowekwa, hadi uhuru ulipokaribia. Hata serikali ya Kenya huru iliipiga marufuku tena mwaka 1968. Masinde alifariki mwaka 1987.

Msomaji anaweza kukubaliana na dini hiyo au asikubaliane nayo. Lakini anayepanda Chetambe au Elgon bila kuyajua haya ni kama mgeni anayeingia msikitini au kanisani akidhani ni ukumbi wa mikutano.

Safari ya siku moja

Kutoka Kitale, matatu za Endebess huanza safari mapema. Kutoka Endebess, pikipiki hukufikisha kwenye lango la Chorlim la Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, ambayo ilitengwa mwaka 1968. Ukishalipa kiingilio, omba askari wa wanyamapori akusindikize. Msituni humo kuna nyati, na nyati hana salamu.

Njia inapita chini ya podo na mizaituni ya Elgon ambayo watu kadhaa wakishikana mikono ndipo wataizunguka. Juu ya matawi, mbega weusi wenye mikia myeupe huruka kama wamevaa majoho ya ibada. Hewa ni baridi, kwa hivyo beba sweta hata kama mjini Kitale jua lilikuwa kali. Ondoka mapema pia, kwani mara nyingi mawingu hushuka alasiri.

Kisha utafika kwenye mapango. Yako Makingeny, Chepnyalil na Kitum. Zamani Wasabaoti waliishi katika mapango ya mlima huu pamoja na ng'ombe wao, na mvumbuzi Joseph Thomson alistaajabu alipowakuta mwaka 1883. Kitum huingia ndani ya mlima kwa karibu mita 200. La ajabu zaidi ni kwamba ndovu huingia humo usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mikonga, ili wakwangue chumvi ukutani kwa pembe zao. Wametanua pango hilo kwa kazi hiyo kizazi baada ya kizazi.

Adabu na tahadhari

Hapa ndipo mzazi anapaswa kusikiliza vizuri. Mwaka 1980 mfanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Nzoia, raia wa Ufaransa, alizuru Kitum na baada ya siku chache akafariki kwa homa ya Marburg, ndugu yake Ebola. Mwaka 1987 mvulana wa miaka 15 kutoka Denmark alizuru pango hilo hilo, naye akafa kwa ugonjwa huo. Popo aliyenaswa humo mwaka 2007 alipatikana na virusi vyake.

Je, tukae nyumbani? La. Pango linaweza kutazamwa mlangoni, mahali penye mwanga na hewa. Usiwapeleke watoto ndani kwenye popo, usishike kuta wala kinyesi chao, usile chochote humo, na unawe mikono kwa sabuni utokapo. Mtu akipatwa na homa kali baada ya ziara, amweleze daktari mara moja kwamba alikwenda mapangoni. Anayeingia mahali patakatifu hashikishiki kila kitu wala hapigi kelele. Adabu hiyo hiyo ndiyo kinga yake.

Tukumbuke pia kwamba mlima huu una wenyewe. Upande wa Bungoma, Waogiek wa Chepkitale waliishi humo tangu jadi, na ardhi yao ikafanywa hifadhi mwaka 2000 bila ridhaa yao. Walikwenda kortini, na mwaka 2022 mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Bungoma ikawapa haki. Kwa hiyo mgeni asikate mti, asiache taka, na akipita kwenye boma la watu apige hodi.

Maji ya Kuywa, Malakisi na Suam yanatoka mlimani huko. Anayekunywa maji hayo kila siku ana deni la kwenda kuona yanakotoka, angalau mara moja. Wachukue watoto wikendi moja kabla mvua hazijarudi, na mkiwa njiani wasimulieni habari za Chetambe na Malakisi. Wakishajua ni mahali pa namna gani, hamtahitaji kuwaambia wanyamaze.