Tucheze na Watoto Wetu, na Maji Tuyaheshimu

Vikundi vyetu hapa Ndabibi vinajua kupanga mambo ya mbuzi wa maziwa, tangi la maji na karo ya shule. Lakini mchezo wa watoto hautajwi mkutanoni. Wazazi wengi husema, "Mtoto akicheza amekosa kazi." Ebu fungueni nabii Zekaria, sura ya 8. Anapoeleza mji uliobarikiwa, anataja wazee wameketi na watoto wakicheza, wote mahali pamoja.

Kuanza hakutaki pesa. Jumapili baada ya ibada, kamba moja ya katani inatosha: watoto waruke, kisha wazazi na watoto wavutane. Wacheze kati, wakimbie ndani ya magunia. Mpira tulizoea kuufunga kwa mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2017, basi tumieni matambara. Baba asisimame kando kama refa. Aingie, aanguke, achekwe.

Sasa kuogelea. Hapa lazima tuseme ukweli: ziwani sipo pa kumfundishia mtoto. Ziwa Naivasha na Oloiden yana viboko. Mchana kiboko anajificha majini, jioni anatoka kula nyasi, na mtu akijikuta kati yake na maji yuko hatarini. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likafunika mashamba na nyumba za kando, na wanyama wakasogea karibu na watu. Tena maji yaliyotulia yenye majani na konokono yanaweza kuleta kichocho.

Hatari nyingine tumeichimba wenyewe. Ni lile bwawa la kunyunyizia mboga lililotandikwa plastiki nzito. Plastiki hiyo ikilowa huteleza kama sabuni, hata mtu mzima hushindwa kupanda. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mama yuko jikoni, hasikii kitu.

Kwa hiyo kikundi kianze na mabwawa ya wanachama. Zungusha ua wenye mlango unaofungwa. Funga kamba yenye mafundo kwenye mti imara, iteremke mpaka ndani ya maji. Kando yake weka mtungi mtupu wa lita 20, uliofungwa kifuniko, wenye kamba yake. Mtu akizama, mrushie mtungi umvute. Usimrukie, maana atakushika mzame wote wawili. Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlaze chali, mpulizie pumzi mdomoni, mbonyeze kifua, huku mwingine akitafuta gari.

Kujifunza kuogelea kwenyewe kunataka bwawa safi lenye mlinzi. Baadhi ya hoteli za barabara ya Moi South Lake huruhusu wageni wa mchana kwa malipo. Familia moja itaona ni ghali, lakini kikundi kinaweza kuweka akiba kidogo kidogo, kisha mwenyekiti aende kuomba bei ya siku isiyo na wageni wengi. Mzazi aingie majini na mtoto wake, maji yasipite kifua cha mtoto. Kwanza apulize mapovu, kisha aelee chali huku umemshika shingo na mgongo. Kurusha mikono kutakuja baadaye. Akiogopa, msimcheke wala kumsukuma.

Wasichana wasiachwe nyumbani na vyombo. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umefundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri mwili, kwa hiyo jambo la heshima lina njia yake. Na asiseme mtu kwamba Wakenya ni wa mbio tu: Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa wa tano katika fainali ya mita 100 mtindo wa kipepeo, Olimpiki ya Beijing 2008, na ndugu yake David aliogelea michezo hiyo hiyo.

Mkutano ujao, kila kikundi kihesabu mabwawa ya wanachama wake na kutaja yasiyo na ua. Kazi ya kuyazungushia ifanywe kwa zamu kabla ya mvua za Aprili, tukianza na nyumba zenye watoto wadogo.