Gari la Dizeli Lisilovuta na Linalokula Mafuta

Karibu kila mtu aliyenunua gari la dizeli lililokwisha tumika, ama liwe limeshuka juzi katika bandari ya Mombasa au ya Dar es Salaam kutoka Japani, ama liwe limepita katika mikono ya wenyeji watatu wanne, huleta kwa fundi mashtaka mawili yaliyofungwa kamba moja: gari halivuti, na linakula mafuta. Kwa kuwa hutamkwa pamoja, hudhaniwa kuwa mkosaji ni mmoja, na fundi mwenye haraka hukata hukumu palepale kwamba nozeli zimekwisha au pampu imechoka. Huzifungua, huzipeleka kwa wapima pampu na nozeli, mwenye gari hulipa fedha nyingi, na gari hurudi barabarani na tabia yake ileile. Aghalabu mikono ya fundi huyo haina ila. Ila imo katika utaratibu wake, maana ameanza uchunguzi pale ambapo ulistahili kuishia.

Mashtaka hayo hayana budi kutenganishwa kabla spana haijaguswa, na ili tuyatenganishe yafaa tukumbuke namna injini hii inavyofanya kazi. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, alipoijaribu injini yake mjini Augsburg mwaka 1897, ilibainika kwamba inageuza kiasi cha asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi, kipimo ambacho injini za mvuke za zama zile hazikukifikia. Hewa peke yake huingia katika silinda, pistoni huishindilia mpaka ujazo wake ukabaki sehemu moja katika kumi na sita au katika ishirini, joto lake hupanda kupita nyuzi 500 za Selsiasi, na hapo ndipo mafuta hunyunyizwa yakawaka yenyewe pasipo cheche ya plagi. Katika injini ya petroli mguu wa dereva hufungua na kufunga njia ya hewa; katika dizeli mguu huamuru mafuta tu, na hewa huachwa iingie kadiri iwezavyo. Na hewa itakiwayo si haba: lita moja ya dizeli, ili iungue yote, huhitaji si chini ya mita 10 za ujazo za hewa ya pwani, na kwa kuwa mafuta na hewa havipati nafasi ya kuchanganyika sawasawa katika muda ule mfupi, injini hudai zaidi ya hapo.

Basi hewa ikipungua, mafuta yaliyoamriwa na mguu huingia kama desturi lakini hayaungui yote; mabaki hutoka kuwa masizi, nguvu hukosekana, dereva huzidi kukanyaga, na kadiri anavyozidi kukanyaga ndivyo tanki linavyozidi kukauka. Hapo mashtaka yote mawili ni ya kweli na mshtakiwa ni mmoja. Mafuta yakipungua, nguvu hupotea vilevile, lakini bomba la moshi hubaki safi na matumizi hayazidi sana, kwa sababu mafuta ambayo hayakufika kwenye silinda hayawezi kuliwa. Na pakiwa na kitu kinacholishika gari, breki au tairi au giaboksi, injini huwa nzima kabisa, nayo huteketeza mafuta kwa kuvuta mzigo ambao mwenyewe hauoni.

Kwa hiyo shahidi wa kwanza ni moshi, naye hasikilizwi gari likiwa limesimama gerejini, bali likiwa na kazi. Dereva na apande mlima mrefu akiwa amekanyaga mafuta hadi mwisho, na mtu mwingine amfuate nyuma kwa gari lake akitazama. Moshi mweusi mzito husema hewa ni haba, au mafuta yanamwagika badala ya kunyunyizwa. Moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi, injini ikiwa imekwisha kupata moto, ni wa mafuta yasiyowaka kwa wakati wake; mweupe wenye harufu tamu ni wa maji ya rejeta yaliyopata njia ya kuingia ndani. Wa buluu ni wa oili, itokayo katika ringi za pistoni au katika tabo. Lakini moshi usipoonekana kabisa, na gari likawa zito, yafaa mtu aikalishe kitako dhana ya nozeli akatafute kwingine.

Nalo shitaka la mafuta lithibitishwe kwa hesabu, si kwa kutazama mshale wa dashibodi. Tanki lijazwe mpaka bunduki ya pampu ijifunge yenyewe, gari liende kilomita mia tatu au zaidi katika safari za kawaida, kisha lijazwe tena katika sheli ileile na pampu ileile. Prado ya dizeli ya lita tatu inayotoa kilomita 9 hadi 11 kwa lita katika mchanganyiko wa mji na barabara kuu haina kosa la kujibu, hata kama jirani anaapa kwamba yake hutoa 14. Tena, matairi yatazamwe. Wako wengi waliong'oa matairi ya 265/70 R16 wakafunga ya 265/75 R16 kwa ajili ya umbo. Tairi hilo ni kubwa kwa zaidi kidogo ya asilimia 3, na kwa hiyo gari likienda kilomita 100 mita yake husoma chini ya 97, hata mwenyewe akalituhumu kwa mafuta ambayo halikuyala isivyostahili. Ukiongeza chuma cha mbele, keria juu ya paa na upepo wa tairi uliopungua, upotevu mwingi wa mafuta huwa umepata maelezo bila ya boneti kufunguliwa.

Breki huchunguzwa kwa urahisi huohuo. Baada ya mwendo wa dakika ishirini ambao dereva ametumia breki kwa uchache, mkono usogezwe karibu na kila rimu, bila ya kuigusa. Moja ikiwa na joto kupita wenzake, pistoni ya breki imeganda au waya wa breki ya mkono haurudi. Kwenye gari lenye klachi, dereva akipanda mlima kwa gia ya nne akaona mizunguko ya injini inapanda na mwendo hauongezeki, klachi inateleza.

Kuna desturi moja ya gereji zetu ambayo sikupata kuiridhia hata kidogo, nayo ni kung'oa themostati na kuitupa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Iliwekwa ili maji ya injini yafike nyuzi 80 au zaidi upesi na yabaki hapo. Injini isiyo nayo, hasa katika safari ndefu ya usiku au katika nyanda za juu, hukimbia ikiwa baridi. Mafuta hayageuki mvuke vizuri, oili hubaki nzito, na kompyuta ya gari, kwa kuamini kwamba injini haijapata moto, huzidisha mafuta safari nzima. Hitilafu hii haitoi kelele wala haiwashi taa daima, na dawa yake ni kifaa cha bei ndogo.

Tukirudi kwenye hewa, ambako ndiko penye kesi nyingi, chujio la hewa ni mwanzo tu. Katika gari lenye tabo, hewa hutoka kwenye chujio, hupita katika sensa ya kupima kiasi chake, hushindiliwa na tabo, hupozwa katika kipoza hewa ambacho mafundi hukiita intakula, kisha huingia kwenye injini. Na kati ya kituo na kituo pana mipira na klipu ambazo umri na oili huzidhoofisha. Mpira uliopasuka upande wa chini huweza kuonekana mzima injini ikinguruma taratibu, ukafunguka tu gari linapovuta, na ishara zake ni mlio wa kufoka, utando wa oili uliochanganyika na vumbi mahali pa mpasuko, na moshi mweusi. Mpira upapaswe wote kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na imepoa, hasa pale usipoonekana.

Hapa inafaa kuwakumbuka wenye magari yasiyo na tabo, kama Hiace za injini ya 3L na 5L, au Land Cruiser ya 1HZ. Kanieneo ya hewa mjini Nairobi, ulioko mita 1,700 hivi juu ya bahari, ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa kadiri ya asilimia 18, na pampu ya chuma isiyo na kifaa cha kujirekebisha huendelea kupeleka mafuta yaleyale ya pwani. Gari lililokuwa hodari Likoni hufika Limuru likiwa zembe lenye moshi, na hakuna kilichoharibika. Pampu yahitaji kurekebishwa kidogo tu. Mnunuzi anayetoa gari pwani kwenda bara, au kinyume chake, na alihesabu hilo kabla ya kugombana na muuzaji.

Baada ya mipira huja vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza sumu yake. Ikiganda wazi, injini hupumua moshi wake yenyewe wakati ihitajipo hewa safi, na masizi yakikutana na mvuke wa oili hufanya lami nyeusi inayoziba njia za hewa mpaka zikabaki nusu ya upana wake. Masizi hayohayo huzigandisha pezi ndogo ndani ya tabo za kisasa. Alama ya kuganda huko ni hii: gari hupoteza nguvu ghafla likipanda mlima au likilipita lori, kompyuta hulizuia lisivuke mizunguko fulani, na dereva akilizima na kuliwasha upya nguvu hurejea kwa muda. Aonaye hayo asinunue tabo mpya kesho yake. Mara nyingi kuisafisha, au kuirudishia mpira wake mwembamba wa vakyumu uliochomoka, kunatosha.

Ikiwa moshi haupo na breki ni huru, ndipo tuyaulize mafuta. Chujio la dizeli hubadilishwa kwanza, na lile la zamani humiminwa katika chombo cheupe: maji yatajitenga chini, na kutu itaonekana. Kisha kipande cha mpira unaopitisha nuru hufungwa kwa muda kabla ya pampu, na mapovu yakipita humo injini ikiwa na kazi, kuna mahali panaponyonya hewa, pengine kwenye pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio. Juu ya mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa nitasema machache. Uovu huo upo, hata EWURA, mamlaka ya udhibiti ya Tanzania, ikaanza kuyatia mafuta vinasaba mwaka 2010, na Kenya ikayatoza mafuta ya taa ushuru mpya mwaka 2018 ili faida ya wachakachuaji iondoke. Lakini lita ya mafuta ya taa ina nishati pungufu ya lita ya dizeli kwa asilimia chache tu. Madhara yake makubwa ni kwamba hayalainishi vyuma vya pampu na nozeli, na hasara hiyo hujitokeza baada ya miezi. Asemaye kwamba sheli fulani imempunguzia theluthi ya mwendo wake kwa siku moja amekosea mshtakiwa.

Kompyuta ya kupimia nimeichelewesha makusudi. Ni shahidi mzuri, lakini si kadhi. Namba ya hitilafu inayosema hewa ni pungufu haisemi kama sensa imekufa au mpira umepasuka, na mafundi wengi wameuza sensa kwa sababu ya tundu. Faida yake kubwa ni kuonyesha, katika injini za komoni reli, ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja, shinikizo la mafuta linaloamriwa na lile linalopatikana, gari likiwa linavuta: viwili hivyo vikiachana, na chujio ni jipya, basi vali ya pampu au nozeli zimestahili kutuhumiwa. Hapo kila nozeli hufungiwa chupa kwenye mrija wake wa marejeo, injini ikaachwa iende dakika chache, na ile inayojaza chupa kupita wenzake ndiyo inayovujisha shinikizo. Anayenunua gari na aangalie pia kwamba taa ya injini inawaka ufunguo unapofunguliwa na kuzimika injini ikishika moto. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeinyamazisha.

Kwa wenye Prado na Hilux za injini ya 1KD-FTV kuna tahadhari mahsusi. Chini ya kila nozeli mna washa ya shaba inayozuia moto usipande. Ikichoka, gesi ya silinda hupenya ikaingia kwenye oili, na masizi yakakusanyika katika chujio la chini la sampu mpaka injini ikakosa oili na kufa. Upungufu wa nguvu huwa dalili ndogo mno mbele ya msiba huo, kwa hiyo washa hizo zibadilishwe wakati wowote nozeli zinapofunguliwa, na sampu itazamwe.

Mwisho wa yote hupimwa mshindilio wa silinda, kila moja peke yake, injini ikiwa na moto na betri ikiwa imejaa. Zote zikiwa chini kwa kiasi kinachokaribiana, injini imezeeka. Moja ikiwa chini sana, kuna vali au ringi iliyokufa, au ufa katika silinda hedi, jambo ambalo injini za 1KZ-TE zinajulikana nalo, na ambalo mpira wa rejeta kuwa mgumu asubuhi kabla ya injini kuwashwa huweza kulifichua mapema. Ndipo mwenye gari aketi na fundi wake kulinganisha bei ya oveholi na bei ya injini nyingine iliyotoka Japani, akidai kabla ya kulipa kwamba hiyo nayo ipimwe mshindilio mbele yake.