Ndagala Hamngoji Mnunuzi

Mitumbwi inapowasili alfajiri kwenye fukwe za Uvira, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, beseni la kwanza la ndagala huwa limeshapata mwenyewe kabla halijatuliwa mchangani. Akina mama wanagombania, bei inapanda papo hapo, na watazamaji wanasema hiyo ni pupa: wangetulia, bei ingeshuka. Kwa mnunuzi wa sabuni, isiyooza, hoja hiyo ingesimama. Lakini ndagala, samaki mdogo kama kidole, huanza kuharibika saa chache baada ya kutolewa majini, kwa hiyo mama anayemnunua ili amwanike ananunua pia jua la siku hiyo. Aliyepata beseni asubuhi na mapema ana mchana kutwa wa kuanika. Aliyengoja bei ishuke atalala na samaki mbichi, na mvua ikitelemka kutoka milimani, nafuu yote aliyoipata imekwenda na maji. Juu ya hayo kuna mwezi. Ndagala huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazimvuti tena, hivyo wavuvi wengi hupumzika. Anayekazana kununua wakati wa giza anaweka akiba ya siku hizo za mbalamwezi.

Wengine wanawalaumu wachuuzi wa jumla kwamba wanabeba kila kitu na kumwacha mpishi wa kawaida mikono mitupu. Lawama hiyo ina ukweli wake, hasa mavuno yakiwa haba. Lakini bila mchuuzi wa kukausha, samaki wa siku ya neema angeozea ufukweni, na soko la Bukavu lisingemwona. Ushahidi mzuri uko ng'ambo, Burundi, ambako tangu 2004 shirika la FAO lilihimiza vichanja vya waya vilivyoinuliwa juu ya mchanga: samaki aliyehitaji siku tatu kukauka akawa anakauka kwa saa zipatazo nane. Hapo mnunuzi anaweza kuchelewa kidogo bila hasara. Vichanja, hata hivyo, haviongezi samaki ziwani. Utafiti uliochapishwa 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba joto limepunguza kuchanganyika kwa maji ya Ziwa Tanganyika, rutuba ikabaki vilindini, na ukakadiria kuwa mavuno yanaweza kuwa yamepungua kwa asilimia 30 hivi. Ziwa likitoa kidogo, kugombania kutazidi, hata kila mama akiwa na kichanja chake.