Fahamu: Barabara ya Kihistoria ya Mto Columbia

Ni barabara ya jimbo la Oregon, Marekani, inayofuata korongo la Mto Columbia mashariki mwa Portland. Ujenzi ulianza 1913, ukakamilika 1922.

Nani aliibuni?

Tajiri Samuel Hill aliipigia debe. Mhandisi Samuel Lancaster akaisanifu. Mwinuko haukuzidi asilimia 5, na kona zilizungushwa taratibu, maana magari ya enzi hizo yalikuwa yakihema mlimani. Handaki la Mitchell Point lilitobolewa madirisha 5 kwenye mwamba, yakitazama mto. Anasa, ndiyo, lakini lengo lilikuwa hilohilo: msafiri afaidi mandhari.

Ilikuwaje ikaachwa?

Barabara kuu mpya ilipita chini, kando ya maji. Handaki likabomolewa 1966. Vipande vilivyosalia, baadhi vinapitisha magari, vingine waenda kwa miguu na baiskeli.