Mto Ulioingiliwa Bila Hodi

Mtoto wa Kiislamu hufundishwa tangu udogoni kwamba haijuzu kuingia nyumba ya mwenziwe mpaka apige hodi, atoe salamu na akaribishwe. Asipoitikiwa, hurudi. Adabu hii twaijua sote. Lakini je, nyumba ya mtu ni kuta na paa tu? Shamba alilorithi kwa babu zake, na mto anakoteka maji ya kunywa na kupikia, navyo havistahiki kupigiwa hodi? Swali hili waliliuliza akina mama wa Honduras, nchi ya Amerika ya Kati, nao wakalilipia ghali. Yafaa khabari zao zijulikane majumbani mwetu.

Walenca ni wenyeji wa asili wa milima ya magharibi ya nchi hiyo. Walikuwapo kabla Waspania hawajafika. Hulima mahindi, maharagwe na kahawa. Mto Gualcarque huwanywesha wao na mashamba yao, na kwa itikadi yao ya kale ni mto mtakatifu. Sisi hatuna itikadi hiyo. Lakini kiu haichagui dini, na mama atekaye maji alfajiri aijua thamani ya mto kuliko yule aupimaye kwa kalamu ofisini.

Mwaka 2006 watu wa Río Blanco waliona mitambo ikiingia katika ardhi yao, wala hapana aliyewaeleza ilikuja kwa kazi gani. Ikabainika kwamba palitakiwa kujengwa bwawa la umeme, liitwalo Agua Zarca. Nayo Honduras ilikwisha kuridhia, mwaka 1995, Mkataba Namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani, unaoagiza kwamba wenyeji wa asili washauriwe kabla ya jambo kama hilo kufanywa katika ardhi yao. Hodi ilikwisha kuandikwa katika sheria, haikupigwa.

Wanakijiji walimwendea Bibi Berta Cáceres wa La Esperanza, Mlenca mwenzao na mama wa watoto wanne, aliyekuwa mmoja wa waasisi wa COPINH, jumuiya ya kutetea haki za wenyeji iliyoundwa mwaka 1993. Mamake alikuwa mkunga aliyepata kuwa meya wa mji wao. Basi kuwatumikia watu alikuona nyumbani kwao.

Kwanza walishika njia ya sheria, na mikutano ya vijiji ikalikataa bwawa. Wasiposikilizwa, mwezi wa Aprili 2013 waliifunga barabara iendayo mahali pa ujenzi. Wanawake na wanaume walipokezana zamu kwa zaidi ya mwaka mzima, kwa amani. Mwezi wa Julai mwaka ule askari wa jeshi alimpiga risasi na kumwua Tomás García, kiongozi wa kijiji. Mwaka 2014 mama mmoja wa Río Blanco, mumewe na mwana wao walijeruhiwa kwa mapanga. Hata hivyo watu hawakurudi nyuma. Sinohydro, kampuni kubwa ya Kichina, ilijitoa katika ujenzi mwaka 2013.

Mwaka 2015 Bibi Berta alipewa Tuzo ya Goldman, itolewayo kwa watetezi wa mazingira. Tangu 2009 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilikuwa imeitaka serikali imlinde. Usiku wa tarehe 2 Machi 2016 wauaji waliivamia nyumba yake wakampiga risasi, akafa.

Lakini aliyoyasimamia hayakufa naye. Mwaka 2017 wakopeshaji wa Uholanzi na Ufini walijitoa, na bwawa halikujengwa. Watu saba walitiwa hatiani mwaka 2018. Aliyekuwa mkuu wa kampuni ya bwawa naye akatiwa hatiani mwaka 2021, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 22 na miezi 6. Mwaka 2017 binti yake, Bertha Zúniga Cáceres, alishika uongozi wa COPINH.

Huenda msomaji akasema: umeme ni maendeleo, na wachache wasiwazuie wengi. Sisi hatuudharau umeme. Twasoma na kushona kwa taa zake. Lakini apigaye hodi si lazima akataliwe. Huenda akakaribishwa, huenda akaambiwa apitie mlango mwingine. Dhulma ni kumnyima mwenye nyumba nafasi ya kuitika.

Nanyi vijana, baadhi yenu mtakuwa wapima ardhi, mainjinia na wakuu wa ofisi. Siku mtakapotumwa kuchora barabara au bwawa, kabla hamjapiga kigingi cha kwanza, mtafuteni mama atekaye maji mahali pale. Mwelezeni mlilolijia, kisha mngojee jawabu lake.